Sukari ya mnazi: kuipika kutoka tembo tamu, kuitumia jikoni, na habari ya wenye kisukari

Karara_Refu (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Swali la sukari ya mnazi linarudi kila mara humu: inapikwaje, na je ni kweli inatibu kisukari? La pili nalijibu kwanza maana lina madhara. Haitibu. Ni sukari. Watu wa afya wamo humu, watakuja kulifafanua.

La kupika ndilo lililonifanya nifungue uzi. Sisi wa pwani ya kusini, kuanzia Msimbati, Mikindani na Sudi, Mchinga mpaka Kilwa Kivinje, minazi tunayo na wagema tunao. Kinachotukwamisha ni kudhani kwamba tembo (maji yanayogemwa mnazini) la kunywa na tembo la sukari ni kitu kimoja. Kole (kikonyo cha maua ya mnazi) ni lile lile, ila shughuli yake ni kinyume. Anayegema la kunywa anataka lichachuke. Anayetaka sukari anapambana na uchachu tangu tone la kwanza, na akishindwa pale juu mnazini hakuna jiko litakalomwokoa.

Kugema kwenyewe hakubadiliki. Mgema anachagua kole ambalo karara lake (ganda linalofunika maua) limejaa ila halijapasuka, analifunga lisifunguke, analigongagonga taratibu na kulipinda chini kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha anakata ncha kwa kotama, kisu cha mgema. Asubuhi na jioni anachonga tena kipande chembamba cha milimita chache ili njia za maji zisizibe. Akichonga kipande kinene kole linaisha mapema, akisahau kuchonga linakauka. Na mjue kabisa: kole likigemwa halizai nazi. Kwa kazi hii minazi mifupi inarahisisha sana, maana safari za kupanda na kushuka ni nyingi.

Tofauti inaanzia kwenye chombo. Kibuyu cha tembo hakisuguliwi ndani makusudi, kwa sababu vitundu vyake vimetunza chachu ya jana, nayo ndiyo inayolianzisha tembo jipya. Kwa sukari kibuyu hicho hakifai hata ukikichemsha. Chukua chombo cha chuma cha pua, au plastiki ngumu ya chakula isiyolegea kwa maji ya moto. Kimwagie maji yanayotokota, kianike juani kikauke kabisa, na mdomo ukifunike kwa kipande cha neti ili nyuki wasizame ndani.

Kuna njia ya zamani ya watu wa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki: wanapaka ndani ya chombo utando mwembamba wa chokaa, ile ile ya tambuu. Chokaa inapandisha pH, na chachu inachelewa kuanza kazi. Chokaa ya kupaka ukuta isiguse chakula. Na hata ya tambuu ikizidi, sukari inatoka nyeusi yenye ladha ya sabuni. Ukiitumia, liache tembo litulie dakika chache, umimine la juu lililo safi, masimbi yabaki chini. Anayeweza kushusha chombo kila baada ya saa chache haihitaji chokaa hata kidogo.

Shusha alfajiri, jua halijachomoza. Kuanzia chombo kushuka mpaka tembo kutokota, isizidi saa moja au mbili. Onja: liwe tamu tupu, lisichome ulimi, na lisiwe linapandisha povu lenyewe likiwa limetulia. Mwenye karatasi za kupimia pH ana urahisi zaidi. Tembo bichi huwa karibu na 7. Likishuka chini ya 6, achana na habari ya chenga, pika shira.

Sababu ni hii. Sukari iliyomo kwenye tembo bichi karibu yote ni sukrosi, nayo ndiyo inayoganda kuwa chenga. Chachu ikishaingia inaivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na hizo mbili zikizidi zinazuia chenga kushikana. Utapika mpaka kuni ziishe, utabaki na kitu kinachonata kama ulimbo.

---

BintiShangani:

Shukrani mkuu. Naomba vipimo: lita ngapi zinatoa kilo, na jikoni mtu anajuaje kwamba sasa imefika? Wengi wanaishia ama kuunguza ama kupata tofi.

---

Karara_Refu:

Dada BintiShangani, kadiria lita 7 hadi 8 za tembo bichi kwa kilo 1 ya sukari. Tembo zuri lina sukari kati ya asilimia 12 na 18, lililobaki ni maji ambayo yote lazima yaondoke.

Chuja kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa. Sufuria iwe pana, na usiijaze kupita nusu, kwa sababu povu la kwanza linapanda kwa kasi na kumwagikia jiko. Moto wa kwanza uwe mkali. Lengo ni kufikisha tembo kwenye kutokota haraka iwezekanavyo, hapo chachu inakufa na uharibifu unasimama. Engua povu chafu linalokuja juu. Povu likisumbua baadaye, dondosha matone mawili matatu ya mafuta ya nazi au kijiko cha tui zito, litakaa chini papo hapo. Hilo tone la mafuta usilidharau, ndilo linalokuwezesha kuacha moto juu bila kusimama na mwiko muda wote.

Mpaka hapo huna haja ya kukoroga mfululizo. Kazi inabadilika lita 8 zikishabaki kama lita moja na robo, moja na nusu. Hiyo ni shira: rangi ya kahawia, inamiminika taratibu kutoka kwenye mwiko. Ukitaka shira ipue sasa, itie moto moto kwenye chupa iliyochemshwa, funga.

Ukitaka chenga, punguza moto uwe wa wastani kisha mdogo, na kuanzia hapa mwiko usitoke sufuriani. Mapovu makubwa ya maji yataisha, yatakuja madogo mazito yanayopasuka polepole kwa mlio wa "pwa, pwa". Kipimajoto kikisoma kati ya nyuzi 115 na 120 umefika. Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye bakuli la maji baridi: likijikusanya kuwa gololi inayobonyea kidogo lakini haitandazi, epua. Likitawanyika bado. Likilia "ka" na kuvunjika umepitiliza, hiyo ni ya kashata.

Ukishaepua, koroga. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kwa kukosa subira. Koroga kwa nguvu, mwiko wa mti, ukikwangua pembeni na chini. Kwa dakika za mwanzo utaona ni tope linalong'aa. Halafu mng'ao unapotea ghafla, linakuwa zito, linapauka, na mara linaanza kukatika mabonge. Usiache hapo. Pondaponda mabonge yakiwa bado na joto, maana yakipoa yanakuwa mawe. Chekecha, mabonge yanayobaki yatwangwe, kisha tandaza kwenye sinia pana mahali pakavu mpaka uisikie chenga chenga mkononi.

Ikigoma kuganda na tembo lilikuwa zuri, mara nyingi joto halikufika. Irudishe motoni na kijiko cha maji, ipande tena, na safari hii unapokoroga tia kijiko kimoja cha sukari ya mnazi iliyokwisha kauka iwe mbegu, chenga nyingine zijishike hapo. Ikigoma na hapo, tembo lilikuwa limeshaanza kuchachuka. Iweke kama shira, usiendelee kuipika, utaishia na uchungu.

---

Vifuu_na_Makumbi:

Niongeze upande wa moto, kwa sababu ndio unaokula faida ya watu. Kutoka lita 8 unahitaji kufukuza maji kama lita 6 na nusu hivi. Ukipiga hesabu ya joto linalohitajika na jiko la kawaida la mkaa linavyopoteza joto pembeni, ni karibu kilo 3 za mkaa kwa kilo 1 ya sukari. Kwa mkaa wa kununua biashara haikai.

Tumia vifuu. Vinawaka kwa joto kali na havirushi cheche kama kuni mbichi. Makuti yanafaa kuwashia tu, yanaisha haraka na majivu yanaruka sufuriani. Makumbi yana moshi, na shira inashika harufu ya moshi kirahisi mno. Jenga jiko la udongo lenye kuta zinazokumbatia sufuria, chini liachiwe nafasi ya hewa, nyuma bomba la moshi. Sufuria mbili kwenye njia moja ya moto ni bora kuliko moja: ya mbele inamalizia, ya nyuma inapasha tembo linalosubiri zamu.

Na unyevu wa pwani yetu usiuchukulie poa. Sukari hii inavuta unyevu kuliko nyeupe. Masika ukiiacha kwenye mfuko wa karatasi inaloa baada ya siku chache, halafu inaanza kunukia siki. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ijazwe mpaka juu, kijiko kikavu. Imeganda bonge? Hiyo haijaharibika, ipasue. Imelowa na ina harufu ya uchachu? Hiyo imekwenda.

---

Abuu_Kivinje:

Assalaam alaykum. Kuna wazee hawaigusi kwa sababu inatokana na tembo. Nini kinatenganisha?

---

Karara_Refu:

Wa alaykum salaam shekhe. Kwa upande wa utengenezaji: linaloshushwa alfajiri kwenye chombo safi na kutokoteshwa saa hiyo hiyo halijapata nafasi ya kuwa kileo, ni maji matamu ya mti. Lililokwisha chachuka, hata ukilipika kileo kikaruka, lilikuwa tembo kali kabla ya kupikwa. Ndiyo maana anayewauzia watu wa aina hiyo asishirikishe vyombo na mgema wa pombe, na aseme wazi anavyofanya. Hukumu yenyewe waulizwe masheikh wakielezwa hatua hizo moja moja, si kwa jina la tembo pekee.

---

Mama_Tui_Zito:

Nimesoma yote, kazi nzuri. Mimi niseme ya jikoni, maana watu wanabadilisha sukari kwenye pishi lao la siku zote halafu wanalaumu sukari.

Badilisha kwa uzito, usibadilishe kwa kikombe. Kikombe cha sukari nyeupe ni gramu 200 hivi. Cha sukari ya mnazi, kwa sababu chenga zake hazilingani na zina nafasi katikati, mara nyingi kinatoka kati ya 150 na 180. Gramu kwa gramu utamu haupishani sana. Kwa hiyo anayesema "haikolei" mara nyingi ametia pungufu bila kujua.

Pili, inayeyuka taratibu. Ukiitupa moja kwa moja kwenye unga mkavu utaona madoa ya kahawia kwenye andazi. Ikoroge kwanza ndani ya tui la uvuguvugu mpaka iishe, uchuje, maana kuna vijitakataka na povu hata kwenye iliyopikwa vizuri.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: inaiva rangi kabla chakula hakijaiva. Glukosi na fruktosi zilizomo, pamoja na protini kidogo iliyobaki ya tembo, zinageuka kahawia kwa joto ambalo sukari nyeupe bado imelala. Kwa hiyo macho yako ya siku zote yatakudanganya.

Maandazi: unga wa ngano gramu 500, sukari ya mnazi gramu 80, tui zito la uvuguvugu mililita 250 (weka 20 pembeni, unga ukiwa mkavu utaongeza), hamira gramu 7, iliki nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Kanda dakika 10, acha uumuke mpaka uwe mara mbili, sukuma unene wa sentimita 1, kata, acha dakika 15 tena. Mafuta yawe nyuzi 165 hadi 170, chini ya mlivyozoea. Kipande cha unga ukikidondosha kizame kidogo, kiibuke juu na vipovu vidogo, kisigeuke rangi papo hapo. Kaanga kama dakika 2 kila upande. Andazi la kwanza livunje ulitazame ndani kabla hujajaza karai. Likiwa la kahawia nje na ubichi katikati, moto umezidi, hakuna sababu nyingine.

Kashata za korosho sasa. Huku kwetu korosho ndiyo mali, na hapa sukari ya mnazi inang'ara kuliko mahali pengine popote. Harufu yake na korosho iliyochomwa zinakaa pamoja kuliko sukari nyeupe. Korosho zilizobanguliwa na kukaushwa gramu 300, sukari ya mnazi gramu 250, maji mililita 60, iliki iliyopondwa nusu kijiko, chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Usiyeyushe sukari hii kavu kavu. Itaungua chini na juu bado chenga. Tia na maji, ichemke, chuja mara moja, rudisha motoni. Usikamulie ndimu. Kwa sukari nyeupe ndimu inazuia kashata kurudi chenga, lakini hii tayari ina glukosi na fruktosi yake, ukiongeza asidi kashata zinanata menoni na kulowa kabla ya jioni. Pika mpaka nyuzi 140, au tone kwenye maji baridi lipasuke. Kwa sukari nyeupe ungesogea mpaka 150. Hapa ukisogea utaonja uchungu.

Korosho ziwe za moto unapozimimina. Ukitia za baridi shira inaganda kwenye korosho za kwanza na za mwisho hazipati kitu. Geuza haraka, mimina juu ya sinia lililopakwa mafuta, bana kwa chupa iliyopakwa mafuta unene wa sentimita 1, kata ndani ya dakika mbili tatu. Ikishapoa hukati tena, unavunja. Zikipoa tu zifungwe, moja moja, siku hiyo hiyo.

Vitumbua havina shida, ila sukari isizidi gramu 120 kwa mchele nusu kilo, vinginevyo vinang'ang'ania kikaango. Uji wa mtama, sawa tu. Futari ya mihogo au magimbi ya tui, kijiko kimoja mwishoni kinatosha. Samaki wa kupaka, pale ukwaju umezidi, nusu kijiko kwenye tui inarudisha mambo sawa na rangi inapendeza. Kwa keki nyeupe na sharubati za rangi angavu msiitumie, rangi na harufu yake vitatawala.

---

Chai_Mnazi_Mmoja:

Dada, naomba uliguse la chai ya maziwa. Kuna wakati maziwa yanakatika yakitiwa sukari hii.

---

Mama_Tui_Zito:

Hiyo ni dalili ya sukari iliyopikwa kutoka tembo lililoanza kuchachuka, ina asidi. Asidi na moto mkali ndivyo vinavyokata maziwa, sukari guru nayo hufanya hivyo hivyo. Chemsha chai na maziwa, epua, ngoja itulie kidogo, ndipo utie sukari ukikoroga. Ikikatika hata hapo, sukari hiyo ipeleke kwenye maandazi.

---

Nesi_wa_Zamu:

Naomba niingie kwenye afya, kwa sababu kuna watu wanaacha dawa kwa maneno ya biashara.

Sukari ya mnazi kwa sehemu kubwa, kati ya asilimia 70 na 80 hivi, ni sukrosi, ile ile ya sukari nyeupe. Kijiko cha chai cha gramu 4 kina kalori kama 16, pungufu kidogo au sawa na cha sukari nyeupe. Mwili ukishaivunja hauulizi ilitoka kwenye muwa au mnazini. Kwa mwenye kisukari inahesabiwa kama wanga, kijiko kwa kijiko, na kipimo cha dawa hakibadiliki kwa sababu ya jina lake.

Madini yamo, hilo ni kweli. Potasiamu inakaribia gramu 1 kwenye gramu 100 za sukari. Lakini nani ale gramu 100? Vijiko viwili vya chai vinakupa miligramu 80 hivi, na gramu 100 za ndizi mbivu zinakupa zaidi ya 350. Atafutaye madini ale ndizi, mchicha na kisamvu.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015 linataka sukari za kuongezwa, na hapo zimo asali, shira na sukari zote, zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na kwa kiwango cha chini gramu 25. Sasa pigeni hesabu ya chai yetu: vijiko vitatu kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36. Hapo hujagusa andazi.

---

Mkulima_Naumbu:

Nesi, kwa heshima zote, mbona kuna utafiti wa Ufilipino uliotoa GI ya 35? Hiyo si chini sana? Sukari ya kawaida inafika 65.

---

Nesi_wa_Zamu:

Kaka, namba hiyo ipo kweli, na ndiyo iliyobandikwa kwenye vifungashio dunia nzima. Ilitoka kwenye taasisi ya utafiti wa chakula na lishe ya Ufilipino, kwa kundi dogo la watu kama 10. Chuo Kikuu cha Sydney, ambacho kazi hiyo ya kupima GI wanaifanya miaka mingi, walipata 54. GI ni kasi ambayo chakula kinapandisha sukari kwenye damu, glukosi yenyewe ikiwa 100. Kupishana kutoka 35 hadi 54 si ajabu, kwa sababu sukari hii hailingani: tembo la mti huu na ule, lililochachuka na bichi, lililokolea moto na lisilokolea.

Lakini hata tukichukua ile 35, GI inapima kasi, haipimi wingi. Ukiongeza vijiko kwa kuwa "inapanda taratibu", umerudi ulipokuwa. Mwenye glukomita anaweza kujihakikishia: apime kabla ya kula, na saa mbili baada ya kula, chakula kile kile, siku tofauti, sukari tofauti kwa gramu zile zile. Akiongea na daktari wake awe na namba hizo mkononi.

Jambo jingine la haraka na la hatari. Mwenye kisukari akishukiwa na sukari, jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, asipewe kashata. Mafuta ya korosho au nazi yanachelewesha sukari kufika kwenye damu. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari, iwe nyeupe au ya mnazi, vijiko vya chai vinne hivi, ikiwa imeyeyushwa kabisa kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudia. Akishapoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na wale wanaokimbilia stevia na vitamu visivyo na sukari kwa ajili ya kupunguza mwili: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kwa lengo hilo, kwa kuwa havikuonyesha faida ya muda mrefu. Ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari. Hao wazungumze na kliniki yao. Dawa ya chai ni kupunguza kijiko. Toka vitatu kwenda viwili na nusu, kaa hapo wiki mbili, teremka tena. Ulimi unazoea.

---

Mkulima_Naumbu:

Nimekuelewa dada, asante sana. Basi niwaulize na hili: msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, mabibo yanaoza chini ya mikorosho. Hayawezi kutoa sukari nayo?

---

Vifuu_na_Makumbi:

Chenga hayatoi. Sukari ya mabibo ni glukosi na fruktosi tangu kwenye tunda, sukrosi ni kidogo mno, kwa hiyo turudi kwenye ile sababu ya Karara_Refu juu kabisa. Shira inatoka, na ni nzuri.

Kikwazo ni ukakasi. Okota yaliyoanguka siku hiyo, yasiyopasuka. Nyonga korosho itoke bila kuipasua, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi na yakiingia kwenye juisi umeharibu kazi. Osha, chemsha mabibo mazima dakika 4 hadi 5 kwenye maji yenye chumvi gramu 20 kwa lita, mwaga maji, suuza, kamua. Juisi bado itakuwa na ukakasi. Pika uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, gramu 5 za wanga kwa kila lita ya juisi, upoe, changanya. Weka kwenye friji usiku kucha. Ukakasi unashikana na wanga na kuzama, asubuhi unamimina maji ya juu yaliyotakata. Bila friji usijaribu hatua ya usiku. Kwa joto letu la Novemba utaamka na uraka, pombe ya mabibo.

Kisha chemsha kama shira ya mnazi, moto wa wastani. Juisi ina sukari karibu asilimia 10, hivyo lita 6 na nusu zinakupa kama kilo 1 ya shira. Vitamini C ambayo bibo linasifiwa nayo inapotea kwa sehemu kubwa katika kuchemka huko, anayeitaka anywe juisi mbichi iliyosafishwa. Vaeni nguo za kazi, doa la bibo halitoki.

---

BintiShangani:

Swali langu la mwisho. Sokoni nitajuaje kwamba hii ya mnazi haijachanganywa na sukari nyeupe iliyotiwa rangi? Na mtoto mchanga anaweza kutiliwa kwenye uji?

---

Karara_Refu:

La kwanza: kwa macho utashuku tu, kuthibitisha ni maabara. Mwaga kijiko kwenye kiganja juani. Chenga za mnazi zimepauka, hazilingani, nyingine vumbi kabisa. Ukiona zinazometameta za pembe zilizolingana katikati ya kahawia, kuna nyeupe humo. Yeyusha kijiko kwenye glasi ya maji ya moto: ya kweli inaacha maji yenye ukungu kidogo na masimbi chini. Angalia na bei. Lita 8 za tembo, mgema aliyepanda na kushuka, na moto wa asubuhi nzima haviwezi kutoa kilo ya bei ya sukari ya dukani. Kwa mnaotaka kuuza kihalali, usajili wa bidhaa ya chakula uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) ndio wa kuanza nao kwa vifaa na vifungashio. La mtoto namwachia Nesi.

---

Nesi_wa_Zamu:

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Kuanzia miezi 6 hadi anapokaribia miaka miwili asiongezewe sukari ya aina yoyote, uji upate utamu kwa ndizi mbivu iliyopondwa au papai, na mafuta kwa kijiko cha tui au unga wa karanga. Na asali isiingie mdomoni kwa mtoto hata kidogo kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata ile ya kulambishwa kwa kikohozi. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake halijaweza kuzizuia, zikamletea ulegevu wa misuli mpaka ya kupumulia.